Haki kwa Lugha ya Nani?

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni Zanzibar iliwashtaki viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa kosa la uchochezi. Kilichowaponza ni makala za kuwashambulia Waingereza zilizochapwa na Al-Falaq, gazeti la jumuiya hiyo lililoanzishwa mwaka 1929. Walitiwa hatiani, na gazeti likafungiwa. Jumuiya ilikuwa inadai daftari moja la wapiga kura, lisilowagawa watu kwa asili zao, na ikasusia Baraza la Kutunga Sheria.

Ukisoma habari hizi leo, ni rahisi kujua umshangilie nani. Kuna gazeti na kuna mkoloni. Lakini Jumuiya ya Waafrika ya wakati ule haikushangilia. Iliwatazama kwa shaka wenye mashamba ya karafuu waliotaka Mwingereza aondoke upesi, kwa hofu kwamba wao ndio watakaokikalia kiti chake. Tena, madai hayo yalitolewa na gazeti la Kiarabu lenye kurasa za Kiingereza. Mchumaji wa karafuu, mtu wa Kiswahili, alilazimika kusimuliwa na wengine yale yaliyodaiwa kwa faida yake.

Swali langu ni hili: dai la haki linapungukiwa na kitu likitolewa kwa lugha ambayo wanaodaiwa haki hiyo hawaisomi?

Kuna jibu la haraka, kwamba halipungukiwi. Daftari moja lilikuwa jambo la haki kwa lugha yoyote. Isitoshe, Kiarabu hakikuwa lugha ya majivuno tu. Tangu Al-Najah ianze kutoka mwaka 1911, kiliwaunganisha wasomi wa Unguja na Cairo na mijadala ya mageuzi iliyokuwa ikiendelea huko. Kisiwa kidogo kilipata masikio ya mbali.

Lakini Waarabu wengi wa visiwani wenyewe walizungumza Kiswahili majumbani. Kiarabu cha gazetini kilikuwa uchaguzi, na anayechagua lugha anachagua pia nani ataweza kumjibu. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa bingwa wa Kiarabu, ila alipoanzisha Sahifa mwaka 1930 aliwaandikia watu wake kwa Kiswahili. Alitaka wamwelewe. Kwa kufanya hivyo aliwapa pia uwezo wa kumbishia.

Jambo hili linanihusu. Tasnifu yangu ya uzamili ni juu ya mnyauko wa migomba, na baadhi ya niliowahoji ni wakulima wa Ijuganyondo, hapa Bukoba. Walinijibu kwa Kihaya na Kiswahili. Nitaandika kwa Kiingereza. Nilipomweleza hivyo bibi mmoja mwenye kibanja, aliniuliza, "Sasa mwanangu, ukiandika nisichosema, mimi nitajuaje?"

Hakuwa ananituhumu uongo. Alikuwa anauliza kuhusu nafasi yake. Naweza kuandika kila neno lake kwa usahihi, na bado nikawa nimemwondolea uwezo wa kusema, "Hapana, sikumaanisha hivyo." Nadhani hicho ndicho kinachopungua. Ukweli wa dai haubadiliki kwa lugha, ila uhalali wa kulitoa kwa niaba ya mtu hutegemea kama mtu huyo anaweza kukusahihisha. Bila hilo, umemsemea kama mzazi anavyomsemea mtoto mchanga.

Hata Kiswahili si jibu kamili. Katika kibanja cha yule bibi, mambo mazito husemwa kwa Kihaya. Kwa hiyo nimeamua kwamba kabla ya kukabidhi tasnifu, sura ya mahojiano itarudi Ijuganyondo kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti na kufafanuliwa kwa Kihaya, na pingamizi zitakazotolewa ziingie ndani ya kazi yenyewe.

Mwaka 1957 Wazanzibari walipiga kura kwa daftari moja, ingawa kwa masharti mengi. Kati ya viti 6 vilivyogombewa, upande wa Afro-Shirazi ulipata 5. Al-Falaq lilikuwa limedai jambo la haki. Waliosemewa walipopata mahali pa kujibu kwa sauti yao wenyewe, hawakuwachagua waliowasemea.