Khofu ya Kufilisika na Dawa Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu wa Gongo la Mboto, khofu ya khasara ni maradhi yaliyoingia katika nyumba nyingi, nayo hapa petu ina sababu. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la silaha la kambi ya jeshi liliripuka. Watu zaidi ya 20 wakafariki, na wengine wakapotewa na nyumba na mali kwa saa chache. Na leo mikopo ya riba, iitwayo na watu "kausha damu", yawatolea wengi vyombo vyao nje. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushituka.

Lakini tazameni khofu hii yafanya nini. Mmoja huifungia fedha yake katika kibubu, asithubutu hata kufungua genge. Wa pili, naye ni mwenye hali mbaya zaidi, huogopa kuhesabu. Hajui anadaiwa kiasi gani, kwani hataki kujua. Akidaiwa na huyu hukopa kwa yule, na kila jua likichwa deni limezidi.

Mtume wetu (s.a.w.) katika dua yake mashuhuri alijikinga kwa Mola na woga na uvivu, na katika dua hiyo hiyo akajikinga na uzito wa deni. Basi zingatieni jinsi mambo hayo yalivyofuatana.

Huenda mtu akasema, "Nikifilisika nitaaibika milele." Hayo siyo mafunzo ya sharia. Wanazuoni wetu wa Kishafii, katika mlango wa muflisi, wametaja habari ya Muadh bin Jabal (r.a.). Madeni yalimzidi, Mtume akamzuilia mali yake, akaiuza, wadai wakapata mafungu 5 katika 7 ya haki zao. Kisha Muadh huyo huyo akatumwa Yemen kufundisha watu dini na kuhukumu baina yao! Kufilisika hakukumwondolea elimu yake wala uaminifu wake.

Basi dawa ni hii. Kwanza, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Bakara, yaamrisha kuandika deni. Nawe andika kila kiingiacho na kitokacho, hata kama ni hesabu ya bodaboda ya siku moja. Pili, mwendee mdai wako kabla hajakujia, umwambie kweli. Nawe mdai, mwenye dhiki apewe muda. Ndiyo amri ya Mola wako katika Sura hiyo hiyo. Tatu, usizime deni kwa riba, kwani huo ni moto kuuzima kwa mafuta ya taa. Nne, anza kwa kidogo. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina alipewa na nduguye nusu ya mali. Akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu, akaanza kwa jibini na samli.

Khasara yaweza kuja pamoja na hayo yote. Ikija, mali ndiyo iliyopungua, si imani yako. Mfunge ngamia, kisha umtegemee Mungu.

Mola atukinge na deni na woga, atupe riziki ya halali. Amin.