Haki ya Punda Aliyezeeka

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanyama akawatiisha kwa wanadamu, wakapanda migongo ya baadhi yao na wakala nyama za baadhi yao. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyesikia mashtaka ya ngamia akahukumu kwa haki, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Huu ni ubainifu mfupi wa mas-ala ambayo wengi huyapitia na wachache huyauliza. Mtu ana mnyama wa kupanda au wa kuchukua mizigo. Mnyama huyo akazeeka, au akapata kilema, asifae tena kazi. Je, ni juu ya mwenyewe kuendelea kumlisha? Na akitaka kuachana naye, ni njia gani iliyo halali na ni ipi iliyo haramu? Katika nchi nyingi mas-ala haya huulizwa juu ya farasi. Katika visiwa vya Lamu, ambako farasi ni nadra na punda ni wengi, yafaa yaulizwe juu ya punda. Na hukumu ya punda, kama itakavyobainika, ni nzito zaidi kuliko ya farasi.

SURA YA MAS-ALA

Mji wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na njia zake ni nyembamba, hazikufanywa kwa magari. Mawe yale na mchanga ule ulifika mahali pake juu ya mgongo wa punda. Hakuna msikiti wala nyumba ya ghorofa humo ila punda ana jasho lake ndani ya kuta zake.

Sasa na achukuliwe mtu, naye aitwe Zaidi kama ilivyo desturi ya wanavyuoni katika mifano yao. Zaidi alinunua punda kihongwe angali kijana. Kwa miaka kumi na mitano punda yule alichukua mchanga na saruji kwa shogi, na kwa ujira wake Zaidi alilipa kodi ya nyumba, akawavisha watoto na kuwasomesha. Leo meno ya punda yameisha, majani magumu hawezi kuyatafuna. Magoti yamekauka, na mguu wa mbele achechemea. Pumba za kila siku zina bei, na ujira hakuna. Jirani wa kwanza amwambia, "Muuze." Wa pili, "Mwachie njiani, atajitafutia." Wa tatu, "Muue apumzike." Wa nne hasemi neno, lakini ndiye aliyekwisha kuonyesha njia yake: wake alimfunga kamba nyuma ya nyumba, akampunguzia chakula kidogo kidogo hata akafa. Zaidi afuate shauri la nani?

ASILI YA HUKUMU

Jua, ndugu Muislamu, ya kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nahl amewataja wanyama katika jumla ya neema zake, akawataja farasi, nyumbu na punda kwa majina, kuwa ni vya kupanda na ni pambo. Na katika Sura ya Hud ametufunza ya kuwa hakuna kiendacho juu ya ardhi ila riziki yake iko kwa Mungu. Lakini riziki ya mnyama aliyefungwa kamba hupita katika mkono wa aliyeifunga. Aliye porini huenda mwenyewe kuitafuta. Aliye zizini hungoja. Kwa hiyo mwenye kumiliki mnyama amejitia katika daraka: amesimama baina ya kiumbe na riziki yake.

Kwa ajili hii Imamu Nawawi katika Minhaji ameweka nafaka ya wanyama katika mlango mmoja na nafaka ya mke, watoto na jamaa. Ni wajibu kwa mwenye mnyama kumpa malisho na maji. Akikataa, kadhi amlazimisha. Ikiwa mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa moja katika matatu: auze, au alishe, au achinje. Ikiwa si wa kuliwa, hulazimishwa moja katika mawili: auze au alishe. Tazama vizuri: hakutaja katika hukumu hii kwamba mnyama awe afanya kazi. Kinacholeta wajibu ni milki, si faida. Milki haiondoki kwa kuondoka faida.

Na hapa ndipo farasi na punda wanapoachana. Nyama ya farasi kwa madhehebu ya Imamu Shafii ni halali, kwani Bibi Asma binti wa Abubakar amepokea ya kuwa walichinja farasi zama za Mtume wakamla. Ama punda wa mjini, Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alikataza nyama yake siku ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra. Basi mwenye farasi mzee ana milango mitatu, na mwenye punda mzee ana miwili.

SHAURI LA KWANZA: KUUZA

Punda akiwa angali na manufaa, hata kama ni kuchukua mtungi mmoja wa maji, kumuuza yajuzu, kwa sharti aib yake itajwe. Mwenye kumnyosha mguu na kumpaka mafuta siku ya mnada ili mnunuzi asione kilema, huyo ameghushi. Na Mtume amemtoa mwenye kughushi katika jumla ya watu wake.

Ama punda kilema asiyebakiwa na manufaa yoyote, wanavyuoni wa Kishafii wamesema kuuzwa kwake hakusihi, kwani sharti ya kitu kiuzwacho ni kuwa na manufaa; wala ngozi ambayo mtu aitazamia baada ya kufa kwake haihesabiwi kuwa manufaa. Neno hili liliandikwa kabla ya zama hizi kwa karne nyingi, na leo limekuwa kama limeandikwa jana. Kwani tangu mwaka 2016 yalifunguliwa Kenya machinjio ya punda, na ngozi zikapelekwa Uchina kupikwa gundi iitwayo ejiao, itumiwayo kuwa dawa. Punda waliibwa usiku, na watu maskini waliamka asubuhi hawana cha kuchukulia maji. Mwezi wa Februari mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulikata shauri kuipiga marufuku biashara hiyo kwa miaka 15. Basi mwenye kumtoa punda wake mzee kwa mtu ajulikanaye kuwa ampeleka kuchunwa, asiseme, "Mimi nimeuza tu." Amesaidia dhambi, na Sura ya Al-Maida imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Lakini kumpa bure mtu mwenye shamba, mwenye majani na huruma, hilo ni jema, na daraka limehama kwa njia yake.

SHAURI LA PILI: KUMWACHIA

Kumwachia mnyama aende zake asiwe na mwenyewe ni katika desturi za Jahilia, na Qurani imeikanusha desturi hiyo katika Sura ya Al-Maida. Mwenye kumfungua punda wake mzee akamwambia "nenda" hakujitoa katika daraka; punda ni wake vile vile. Akila mimea ya mtu usiku, yeye ni mdhamini. Na akifa jaani kwa kula mifuko ya plastiki, ambayo humkusanyikia tumboni isitoke, yeye ndiye atakayeulizwa.

SHAURI LA TATU: KUMUUA APUMZIKE

Shauri hili huvaa nguo ya huruma, kwa hiyo lataka kuangaliwa sana. Katika Fat-hul Muini, kitabu kisomwacho katika darsa nyingi za pwani, Sheikh Zainuddin al-Malibari ameeleza ya kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kusudi la kumpumzisha, na mfano alioutoa ni huu huu: punda kilema. Wanavyuoni wa Kimaliki wamejuzisha hilo pale ambapo mnyama amekwisha kukatiwa tamaa. Hitilafu ya maimamu ni rehema, wala haifai kumtukana mwenye kufuata kauli ya Maliki kwa mnyama ambaye mifupa imevunjika na roho yateseka bila dawa.

Lakini Zaidi na amwangalie punda wake kwa insafu. Je, huyu amekatiwa tamaa ya uhai, au imekatika tamaa ya ujira? Punda mzee asimamaye kivulini, apigaye masikio kufukuza nzi, anyweaye maji na kuitika sauti ya mwenziwe, huyo hakuomba kupumzishwa. Atakaye kupumzika ni mwenyewe, kutokana na bei ya pumba. Na punda atunzwaye vyema huweza kufika miaka 30 na zaidi; basi huenda huyu ana umri mwingine kama ule alioutumikia.

SHAURI LA NNE: NJAA

Hili halina hitilafu. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe wala asimwache ale wadudu wa ardhi. Na paka yule hakumchukulia hata mzigo mmoja. Ikiwa hiyo ndiyo adhabu kwa paka asiye na haki ya utumishi, itakuwaje kwa punda aliyejenga nyumba ya mtu kisha akafungwa nyuma ya nyumba ile ile afe njaa?

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Wamsingizia. Teke la punda ni la mara moja na sababu yake yajulikana. Mwenye kumnyima chakula mtumishi wa miaka kumi na mitano ndiye aliyelipa fadhila kwa teke.

KISA CHA NGAMIA

Darimi amepokea kutoka kwa Jabir kisa cha ngamia aliyekuja mbio hata mbele ya Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam. Mtume akauliza ni wa nani, na vijana wa Kiansari wakajibu kuwa ni wao. Akawauliza habari zake. Wakasema wamemtekesha maji kwa miaka ishirini, na sasa ana shahamu kidogo, wakataka kumchinja wagawane nyama, akawaponyoka. Mtume akataka wamuuzie. Wakasema ni wake bila thamani. Akawaambia basi, kama si kuuza, wamfanyie wema hata ajali yake imfikie.

Pima maneno haya. Ngamia ni halali kuliwa, na wale vijana hawakuwa na nia ila jambo la halali. Pamoja na hayo Mtume alichagua kwa yule mtumishi wa miaka ishirini wema hata mwisho. Ikiwa hivi ndivyo kwa mnyama ambaye kisu juu yake ni halali, basi kwa punda, ambaye kisu juu yake si halali, wema ndio njia iliyobaki.

MWENYE DHIKI

Zaidi aweza kusema, "Nina watoto, na pumba ni ghali." Neno hili halidharauliwi. Nafsi yake, mkewe na watoto wake watangulia. Lakini maskini wengi huhesabu pumba na hawahesabu sigara na mirungi. Aliyejihesabu kwa kweli akakuta hana, wanavyuoni wamesema nafaka ya mnyama wake ni juu ya Baitulmali. Na isipokuwapo, ni juu ya Waislamu wenye uwezo. Kwa hiyo punda mwenye njaa mtaani si aibu ya mtu mmoja. Ni deni la mtaa mzima. Mustafa as-Sibai ametaja ya kuwa Dameski, katika nchi ya Shamu, palikuwa na uwanja wa majani uliowekwa wakfu kwa wanyama walioshindwa na kazi, wale humo hata wafe. Wenye mashamba Lamu, Manda na Pate wangeweza kufanya mfano wake kwa kipande kidogo tu cha ardhi. Na Lamu mjini, tangu mwaka 1987, pana kituo cha kutibu punda bila malipo. Mwenye kuacha kumpeleka punda wake huko hana udhuru wa umaskini.

NAMNA YA KUMTUNZA

Kumtunza punda mzee si gharama kubwa kama watu wadhanivyo. Apewe pumba zilizolowekwa na majani laini yaliyokatwa vipande, kwani meno hayapo. Apewe maji safi na kivuli. Kwato zake zichongwe, maana asiyetembea kwato humrefukia zikampinda miguu. Asitengwe na mwenziwe aliyemzoea. Watoto wakatazwe kumpanda na kumpiga, na hasa usoni: Mtume alimpita punda aliyetiwa alama ya moto usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Na mwenye punda kijana leo aweke kando kidogo katika kila ujira, ili siku ya uzee isimkute mtupu. Ujira wa leo una ndani yake malisho ya kesho.

Enyi ndugu, kila mmoja katika sisi, Mungu akimpa umri, atafika siku meno yatakapokwisha na magoti yatakapokauka, asiwe na faida kwa yeyote, angoje mkono wa aliyemlea. Atakavyo kutendewa siku hiyo, na amtendee leo yule aliye chini ya mkono wake.

Ewe Mola, tupe huruma kwa viumbe vyako wasiosema, utusamehe tuliyowadhulumu, wala usiwafanye kuwa mahasimu wetu Siku ya Kiyama. Amin.