Upungufu wa Fedha Si Ushahidi wa Wizi

Katika kila ofisi, duka na shule ambamo fedha hupokewa na kutolewa, hutokea siku ambapo hesabu ya daftari na hesabu ya kasha hazilingani. Daftari lasema shilingi 80,000. Kasha lina shilingi 60,000. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo twapenda kulitazama pamoja na wasomaji wetu: je, mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa kasha hilo ni mwizi mpaka athibitishe kuwa hakuiba, au ni mwaminifu mpaka ithibitishwe kuwa ameiba?

Kwa mdomo, karibu sote tutachagua jibu la pili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 28, yaagiza kwamba mshtakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe au aikiri mwenyewe. Makadhi nao wanayo kanuni ya kale kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Lakini kanuni hizi hukaa mahakamani, na mtu hupoteza heshima yake mapema zaidi: katika chumba cha walimu, kwenye foleni ya mshahara, na sokoni anakopita mkewe. Huko haisikiki ibara ya 28, husikika methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja."

Sisi tulio walimu wa lugha twaweza kuanzia mahali tunapopajua. Tuzitazame sentensi mbili: "Fedha zimepungua" na "Fedha zimeibwa." Ya kwanza yaeleza hali ya kasha. Ya pili, ijapokuwa haimtaji mtu, imo katika kauli ya kutendwa, na kila kilichotendwa kina mtenda. Asemaye "zimeibwa" ameshaifungua nafasi ya mtenda, na nafasi hiyo haikai wazi muda mrefu. Hujazwa na yule aliye karibu na ufunguo. Tutazame tena maswali mawili: "Fedha zimekwenda wapi?" na "Fedha umezipeleka wapi?" La kwanza ni la mtu anayetafuta. La pili ni la mtu aliyekwisha kuamua, naye angoja ungamo tu. Kiambishi cha nafsi kimeingia katika swali, na pamoja nacho imeingia hukumu.

Yupo atakayetupinga na kusema: "Fedha ni amana. Aliyekabidhiwa hana budi kutoa hesabu. Tukimhurumia kila karani, mali ya umma itakwisha." Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatulikatai. Karo ya mwanafunzi ni jasho la mzazi aliyeuza kahawa au mbuzi wake, na mtunza fedha lazima aulizwe, tena siku ile ile. Hata hivyo, kudaiwa hesabu ni jambo moja, na kuwa na hatia ni jambo jingine. Upungufu waweza kuletwa na chenji iliyozidishwa, na stakabadhi iliyoingizwa daftarini mara mbili, na malipo yaliyotolewa kwa amri ya mkubwa bila hati, na ufunguo wa pili ulio mikononi mwa mtu mwingine. Na waweza pia kuletwa na wizi. Wizi ni sababu moja miongoni mwa kadha wa kadha. Azirukaye sababu nyingine hailindi amana, kwa maana kama mwizi yupo kweli, atakuwa amemwachia nafasi ya kuendelea.

Wako wanaotumaini kwamba mashaka haya yataondolewa na mitambo, kwa kuwa kompyuta haina chuki wala upendeleo. Yaliyotokea Uingereza yatufundisha tahadhari. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la huko liliweka katika matawi yake mtambo wa hesabu wa kompyuta ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mara wasimamizi wa posta ndogo za vijijini na mijini wakaanza kuonyeshwa upungufu wasioweza kuueleza. Walipouliza, wengi wao waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo kama hilo. Baadhi walikopa, au wakatumia akiba zao, ili kuziba pengo ambalo halikuwapo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi uliotokana na mtambo huo. Mmoja wao, Seema Misra, alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mwaka 2010, akiwa mjamzito.

Msimamizi mmoja wa zamani, Alan Bates, aliyeondolewa kazini huko Wales mwaka 2003, aliwakusanya wenzake, na walalamikaji 555 wakaenda mahakamani. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtambo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta hukumu za mamia ya wengine. Lakini wapo waliokuwa wamekwisha kufa wakiitwa wezi.

Kosa lililotangulia hapa ni la wanadamu. Shirika hilo lilikuwa mwenye kudai, mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa wakati mmoja. Na kila mtuhumiwa alidhani yuko peke yake, hata asijue kwamba kuna mamia wenye kilio kama chake. Tena, aliyelipa pengo ili kuinusuru kazi yake alionekana kama mtu aliyekiri. Jambo hili la mwisho halipo mbali nasi. Katika maduka na vituo vya mafuta, mara nyingi upungufu hukatwa katika mshahara wa mfanyakazi, naye hunyamaza kwa kuihofia ajira. Baadaye kule kulipa kwake huhesabiwa kuwa ushahidi. Kumbe mtu aweza kulipa kwa sababu alikabidhiwa amana, au kwa sababu ana watoto wa kulisha, bila kuwa ameiba hata senti moja.

Visa vya dini vinatukumbusha pia kwamba hata kitu kikionekana mikononi mwa mtu, swali halijakwisha. Wasomaji wa Biblia na wa Kurani wote wakijua kisa cha Nabii Yusufu: kikombe kilikutwa katika mzigo wa ndugu yake mdogo, naye hakukiiba, bali kilitiwa humo kwa makusudi. Ikiwa kitu kilichoonekana chaweza kudanganya, seuze fedha ambazo hazikuonekana!

Kwa hiyo twaona kwamba mwenye mamlaka ana wajibu tatu kabla ya kutamka neno "mwizi." Kwanza, hesabu irudiwe mbele ya watu wawili au zaidi, mtuhumiwa akiwapo. Pili, anayedai asiwe ndiye anayehukumu. Kama mkuu wa shule ndiye mwenye ufunguo wa pili, ukaguzi ufanywe na mtu mwingine. Tatu, mtuhumiwa asikilizwe, na maelezo yake yaandikwe kama yalivyosemwa, hata yakiwa dhaifu, maana mtu aliyefadhaika hasemi vizuri.

Limebaki la nne, nalo husahauliwa sana. Fedha zikionekana nyuma ya droo, au kosa likigunduliwa katika daftari, yule aliyetuhumiwa huitwa ofisini akaambiwa kwa sauti ya chini, "Basi, yamekwisha, rudi kazini." Hayajakwisha. Alituhumiwa mbele ya wenzake wote, na wanafunzi wakasikia. Haki yataka asafishwe mbele ya wale wale, kwa sauti ile ile, na mwenye kutamka awe yule aliyemtuhumu. Wahenga waliosema "Lisemwalo lipo" walisema pia, "Mdhaniwa ndiye kumbe siye." Tunapofundisha methali ya kwanza darasani, tusiache kufundisha na ya pili.