Baada ya Ukurasa wa Mwisho

Mwaka 1994 Eileen Browne wa Uingereza alitoa kitabu cha picha, Handa's Surprise. Ni kisa cha Handa, binti wa Kiluo huko Kenya, anayempelekea rafiki yake Akeyo kapu la matunda saba, alilojitwika kichwani. Njiani tumbili anachomoa ndizi, mbuni pera, tembo embe, hadi kasuku anaondoka na pasheni. Handa haoni lolote. Mtoto anayetazama picha anaona yote.

Kitabu kikifungwa, wengi wetu hukimbilia maswali: matunda yalikuwa mangapi? Nani alichukua nanasi? Mtoto ananyamaza kama aliyeitwa polisi.

Badala ya maswali, mpe ungo. Mkunjie kata ya khanga, mtwishe ndizi na pera, atembee uani. Ndugu zake wawe wanyama, waibe kwa zamu. (Bibi akitaka kuwa tembo, mwacheni.) Asimulie mwenyewe huku akienda. Akichanganya mpangilio, msimsahihishe. Na akimwingiza fisi, ambaye kitabuni hayumo, mimi nitafurahi zaidi, maana hapo hadithi imeanza kuwa yake.

Au mfungeni macho kwa leso, anuse, aonje, abahatishe: pera au embe? Atatafuta maneno ya uchachu na ukakasi ambayo picha haiwezi kumpa.

Au achore: asiye na rangi ana mkaa, na sakafu ya saruji inaoshwa.

Matunda yaliyoibwa yagawanywe, yaliwe. Jioni ataomba kitabu kisomwe tena.