Mmea usiouhitaji ni sadaka

Ndugu Waislamu, siku hizi mtu akitaka kusakafia ua wake, kazi ya kwanza ni panga. Mlimau, mkomamanga na mwasmini huishia jalalani. Mimi naiona hiyo ni israfu.

Katika Hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Kwa nini basi tuikate sadaka hiyo, na hali jirani au madrasa ina uwanja mtupu?

Lakini tuchunge. Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kibovu tunapotoa. Mmea wenye wadudu au ugonjwa usimpelekee mtu. Ulio mzima umwagilie maji siku moja kabla, uung'oe jioni pamoja na udongo wa mizizi yake, uufunge kwa gunia bichi, upandwe upesi. Wakati bora ni mwanzo wa masika. Mkomamanga mkubwa usiohamishika, gawa vipandikizi vyake kabla ya kuukata.

Tuwaulize majirani kwanza, panga lisubiri. Wabillahi tawfiq.