Shukrani ya Aliyelipa

Swali la insha hii ni dogo kwa umbo, kubwa kwa maana: mtu aliyekula mgahawani akalipa bei aliyoambiwa, je, amebakiwa na deni lolote kwa aliyempikia?

Wako wasemao kuwa hana. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: sahani ina bei, bei imelipwa, mizani imekaa sawa. Tena malipo yana heshima yake. Mkulima wa Kwai ateremkaye Lushoto siku ya gulio na mzigo wa karoti au kabichi hula ugali kwa maharage kwa fedha chache, kisha hunyanyuka bila ya kumnyenyekea mtu. Chakula cha bure kina kamba. Milima hiyohiyo ya Usambara ina ushahidi: katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichohaririwa na J. W. T. Allen na kuchapwa mwaka 1962, Mbega mgeni aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, na mwisho wa ukarimu wake alikuwa mtawala wa Vuga. Nyama ilizaa utii. Ni heri, basi, maskini ainunue sahani yake abaki huru.

Hoja hii ina nguvu, lakini haifiki mwisho wa njia. Inadhani ya kuwa bei imehesabu kila kilichotolewa. Mpishi huamka kabla ya alfajiri, huwasha kuni, huvumilia moshi na baridi ya mlimani. Unga, mafuta na kuni havishuki bei kwa ajili yake. Na akipandisha yeye, wateja wake, ambao nao ni watu wa kipato kidogo, watamkimbia. Kilichobaki mkononi mwake cha kupunguza ni ujira wa nafsi yake. Kwa hiyo unafuu wa sahani, kwa sehemu fulani, umelipwa na yeye. Alaye kwa bei nafuu amepokea zaidi ya alichonunua, ajue asijue.

Lugha yetu ilikwisha kulitambua jambo hili. Wapishi hawa waliitwa mama ntilie, na jina hilo limetoka katika ombi: "Mama, nitilie." Mnunuzi hakusema "niuzie". Alitumia kauli ya kutendea, kama aombaye hisani, akamwita muuzaji mama. Jina la pili, mama lishe, limetokana na kulisha, kazi ya mzazi kwa mtoto wake. Muuza misumari hapewi majina ya namna hii.

Yamkini mtu akajibu kwamba majina ni upepo, tena humliwaza mnyonge asidai haki yake. Hofu hii ni ya kweli. Akopaye sahani mwezi mzima asilipe ndiye aitaye "mama" kwa sauti tamu kuliko wote. Ndiyo sababu shukrani haiwezi kukaa mahali pa malipo. Hukaa juu yake.

Wakantoni wa kusini mwa China hugonga meza kwa vidole wanapomiminiwa chai. Masimulizi yao husema kwamba mfalme Qianlong, wa karne ya 18, alisafiri kwa siri akammiminia chai mtumishi wake. Huyu, asiweze kupiga magoti bila ya kuifichua siri, alikunja vidole mezani. Iwe kweli au hadithi, desturi ingaliko, na hata katika nyumba za chai, ambamo kila kikombe kina bei, mteja huona kuwa kumiminiwa kunadai jibu.

Jibu letu na liwe la matendo: kulipa papo hapo, kutovutana juu ya bei iliyokwisha kuwa chini, kutomwita mpishi kwa mluzi, na kuipokea bila ya manung'uniko nyongeza iliyo ya haki. Malipo hutuepusha na kamba ya Mbega. Shukrani hutuzuia tusiutumie uhuru huo kumsahau aliyeamka kabla yetu.