Shoneni Mito ya Sufi

Ndugu zangu wa pwani, shoneni mito ya kunywa mafuta yanayomwagika baharini! Shoneni leo, bahari ingali safi.

Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta huzoleka, lakini upesi, kabla mawimbi hayajayaingiza mikokoni. Hori ya Makupa, Mombasa, inalijua hilo tangu 1988, mafuta yalipoifikia mikoko yake na kuiua.

Watazameni jirani zetu wa Morisi. Julai 25, 2020, meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba. Agosti 6 ikaanza kuvuja, na tani zipatazo 1,000 za mafuta zikaingia baharini. Watu hawakukaa kungoja. Walishindilia majani makavu ya miwa katika magunia na vitambaa, wakafunga chupa tupu za plastiki yapate kuelea, wakayatandaza majini kama jarife. Akina mama, wavuvi, vijana, mikono myeusi hadi viwikoni! Nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini kati ya mwamba na mvujo zilipita siku 12, na sindano hushona vizuri zaidi mkono usipotetemeka.

Nasi tuna kitu bora kuliko majani ya miwa: sufi ya misufi yetu. Majani hunywa mafuta, hunywa na maji, mwisho yakazama. Sufi haikubali maji! Kila uzi wake ni mrija mwembamba uliojaa hewa, Muumba ameupaka nta. Maji huteleza, mafuta hunata na kuingia, nayo inaelea tu. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walivaa majaketi ya uokozi yaliyojazwa sufi. Sufi hii hii tunayoiacha ipeperuke barabarani, misufi ikipasua matunda yake!

Wenye boti, anzeni na ngama. Oili ya mashine huchanganyika na maji ya ngama, kisha tunayafua na kuyamwaga palepale tunapovua kitoweo cha watoto wetu. Tieni kwanza mto wa sufi humo, unywe oili, ndipo mfue. Na sabuni msimwage, nawasihi! Sabuni huyaondoa mafuta machoni petu tu, ikayashusha kwenye matumbawe.

Mto ulioshiba utoeni upesi, msiuache majini wala kuufukia mchangani. Ukamulieni katika pipa lenye kifuniko, urudi kazini.

Foronya kuukuu zipo nyumbani. Sindano ya matanga ipo. Kabla kusi halijaanza kuvuma, kila boti bandarini kwenu iwe na mto wake ngamani.